Dakika Kumi, Kisha Nagonga

Kazi yangu ni kulinda choo. Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana nikianza kusema sipendi kukatizwa.

Choo chenyewe ni tela la bati lenye vyumba viwili na sinki moja la chuma, limeegeshwa Barabara ya Nne mbele ya lile duka kubwa lililofungwa. Wanaokitumia ni wale wanaolala kwenye kibaraza cha duka, na wa chini ya daraja, na madereva wa mabasi, na mara mojamoja mwanasheria aliyebanwa ambaye ofisi yake iko mbali. Nafungua saa moja asubuhi, nafunga saa kumi na moja jioni. Ukiingia, natazama saa. Dakika kumi zikitimia nagonga mara tatu kwa kifundo cha kidole na kuuliza, "Uko salama humo?" Usipojibu, nagonga tena. Ukikaa kimya mara ya pili, natumia ufunguo. Sheria hiyo waliitunga madiwani, si mimi, kwa sababu watu walikuwa wakijidunga sindano humo na kufa. Kwa miaka mitatu nimewatoa wanne wakiwa bado wanapumua, kwa hiyo kugonga sikuonei haya. Lakini pia mimi, Verlene Oakes, nililala ndani ya gari langu miezi kumi na mmoja nilipotolewa kwenye chumba changu. Najua mlango unaofungika kwa ndani ni kitu gani kwa mtu asiye na mlango.

Mteja wangu wa kwanza kila siku alikuwa Orville Tackett. Alikuwa fundi wa kuezeka mapaa miaka thelathini, mpaka mgongo ukamwacha, kisha mkewe, kisha nyumba, kwa mpangilio huohuo, anavyosema mwenyewe. Sasa ana miaka sitini na mitatu na moyo uliochoka. Moyo ukichoka hivyo maji hayatoki mwilini. Yanashuka miguuni, halafu yanapanda mapafuni, na mtu anazama akiwa nchi kavu. Kliniki ya bure ilimpa kidonge cha kumkojoza. Anakimeza asubuhi, nusu saa baadaye kinaanza kazi, na kikishaanza hakuna cha kukiambia kingoje. Mara tano, mara sita, kabla ya saa nne.

Kwa hiyo tulikuwa na mazoea yetu. Saa moja kamili anafika na toroli lake, analiegemeza kwenye tela langu nimtazamie, anameza kidonge mbele ya macho yangu na kunionyesha ulimi kama mtoto wa shule, kisha anakaa kwenye benchi kungoja. Tunapiga soga. Aliwahi kunilalamikia kwamba anakuja kwangu mara sita kila siku ya Mungu na sijawahi kumkaribisha hata kahawa. Nikamwambia nikitaka mwanamume nitatafuta ambaye akiondoka sihitaji kupiga deki. Alicheka mpaka akakohoa, akaingia tena.

Basi mwezi wa kumi akaja Bwana Halloran. Huyu ndiye mwenyekiti wa umoja wa wafanyabiashara wa katikati ya jiji, mtu wa shati lililopigwa pasi na meno meupe, na si mkali hata kidogo, ndiyo maana alinichosha. Alikuwa na ramani. Kila mahali ambapo mtu alilalamika kukuta kinyesi barabarani waliweka kidoti chekundu, na vidoti vilikuwa vimelizunguka tela langu kama nzi. Akanieleza kwa upole kwamba takwimu ni takwimu, choo kinavutia uchafu, kwa hiyo dawa ni kukiondoa.

Nikamuuliza malalamiko hayo yaliingia saa ngapi. Akatazama karatasi zake. Yote asubuhi, kabla ya saa mbili. Nikamwambia, baba, mimi nafunga saa kumi na moja jioni, na matumbo ya watu hayafungwi na ufunguo wangu. Hicho unachokiona asubuhi ni cha wale waliokuja usiku wakakuta kufuli. Unaona mvua imelowesha watu halafu unalaumu mwavuli? Akaandika kitu kwenye daftari, akanishukuru kwa mchango wangu. Mchango! Mtu huyo angeweza kukushukuru kwa mchango wako huku anakukanyaga mguu.

Jumatatu iliyofuata nilikuta karatasi imebandikwa mlangoni. Choo kimefungwa kwa muda, mpaka baraza la madiwani lipige kura Jumatano ya wiki ya pili. Bwana Pellerin, msimamizi wangu kwenye kampuni ya usafi, alinipigia kuniambia nikae nyumbani, bila mshahara. Orville alikuwa amesimama pale na chupa yake ya maji mkononi, kidonge kiganjani. Akakitazama kidonge, akakitazama kile kikaratasi, akakirudisha kidonge kwenye kichupa.

Nilimtajia mahali pote nilipopajua. Mkahawa wa kahawa wa pembeni una choo, lakini kina namba ya siri, na namba inaandikwa kwenye risiti, na risiti huipati bila kununua. Yaani ununue maji ili uruhusiwe kutoa maji, na namba wanaibadilisha kila siku. Maktaba inafungua saa nne, na hawakubali mizigo ndani. Ukiliacha toroli nje, ukirudi watu wa usafi wameshalitupa na blanketi na hema na dawa zako zote. Kwenye vichochoro polisi walishamwandikia faini mara mbili, na wakamwahidi kwamba ya tatu atalala ndani. Orville alinisikiliza, akanipigapiga begani. Akaniambia nisijali, amepata njia.

Nikaamini. Niseme ukweli wangu hapa, kwa sababu nimewasema wengine: niliamini kwa vile ilikuwa rahisi kuamini. Kila nilipopita kumwangalia alikuwa anatania kama kawaida. Sikumwambia anionyeshe ulimi.

Siku ya kura tulikwenda pamoja kwenye jengo la jiji. Utaratibu wao ni huu: unajaza kadi, unapewa namba, unangoja humo ukumbini, ukiitwa unapewa dakika mbili kwenye kipaza sauti, kengele ikilia umemaliza. Ukiitwa ukawa hupo, kadi yako inatupwa. Mimi nilikuwa namba thelathini na nane, Orville thelathini na tisa. Kikao kilianza saa nane mchana. Vyoo vya umma viko ghorofa ya chini, nje ya mlango wa ukaguzi, na foleni ya ukaguzi siku hiyo ilikuwa imefika barabarani. Ukitoka kwenda kujisaidia, hurudi ukaikuta zamu yako.

Tulipokaa ndipo nikaona viatu vyake. Alikuwa amevikata kwa kisu pande zote mbili ili miguu iingie. Vifundo havikuwepo tena. Mguu ulikuwa umeshuka sawasawa toka goti hadi chini kama gogo. Na alikuwa anapumua kwa vipande. Nikamshika mkono nikamuuliza ameacha kumeza kidonge lini.

"Jumatatu," akasema.

"Jumatatu ya juzi?"

"Ya kabla ya hiyo. Siku uliyofungiwa wewe."

Siku tisa. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia, na watu wa viti vya mbele waligeuka. Hiyo ndiyo njia aliyoipata! Akaniacha nimalize, akasema taratibu, "Nikimeza nitakwenda wapi, Verlene? Niambie mlango mmoja tu, nimeze sasa hivi." Na kichupa alikuwa nacho mfukoni, akakitoa kabisa, akanionyesha.

Nilitazama ule ukumbi mzima, mbao zilizong'arishwa, bendera mbili, picha za mameya waliokufa. Sikuwa na mlango wa kumwambia.

Nikataka kumpeleka hospitali hapohapo. Akakataa. Alisema amengoja siku tisa kwa ajili ya dakika mbili, na akiondoka sasa atakuwa amevimba bure. Nikambembeleza, nikamtisha, wapi. Fundi wa mapaa ni mbishi. Asingekuwa mbishi angekuwa ameshaanguka zamani.

Namba ya kwanza ikaitwa, na ya pili. Wenye maduka walisema harufu. Mama mmoja alisema watoto wake waliona mtu mzima ameshusha suruali mchana kweupe, naye alikuwa na haki ya kukasirika, ila sijui alidhani kukiondoa choo kutampandishaje yule mtu suruali. Bwana Halloran alionyesha ramani yake kwenye skrini kubwa. Saa kumi na robo, wakiwa wamefika namba ishirini na sita, mwenyekiti wa baraza, Mheshimiwa Lindquist, mwanamke wa makamo mwenye mkufu wa lulu, akainama kwenye kipaza sauti chake akitabasamu.

"Tumekaa muda mrefu," akasema. "Tupumzike dakika kumi, wajumbe nao ni binadamu."

Wote saba wakainuka wakapitia mlango ulio nyuma ya viti vyao. Mlango una kibao: Madiwani Tu. Na sisi? Askari akatutangazia kwamba atakayetoka asidhani atarudi kwenye kiti chake.

Orville akaanza kucheka, kicheko kisicho na pumzi. "Dakika kumi," akasema. "Wamepewa sawa na sisi. Hesabu basi, bibie, ndiyo kazi yako."

Alikuwa anatania. Lakini mimi mkono wangu ulikuwa umeshainuka, natazama saa. Miaka mitatu ya kufanya jambo moja haitoki mwilini kwa kufungiwa siku tisa. Dakika tano. Nane. Kumi. Madiwani sita wakarudi wakakaa. Kiti cha katikati kikabaki wazi. Dakika kumi na moja. Karani mmoja akapita na trei ya vikombe akauacha ule mlango wazi, askari alikuwa nyuma kabisa anabishana na mzee mmoja, nami nikainuka nikapanda vidato vitatu vya jukwaa lao nikaingia. Korido fupi, zulia, mlango mmoja wa mbao wenye picha ya mwanamke. Nikagonga mara tatu kwa kifundo cha kidole.

"Dakika kumi zimeisha. Uko salama humo?"

Ikaja sauti ya Mheshimiwa: "Kuna mtu."

"Nimesikia. Nauliza uko salama? Zimefika kumi na mbili sasa."

"Nani huyo? Hebu niache!"

Nikagonga tena, maana ndivyo sheria inavyosema. Nikamweleza kwamba nikigonga mara ya tatu itabidi nifungue, kwa usalama wake mwenyewe. Maji yakamwagika kwa haraka, mlango ukafunguka, na yule mama akatokea uso mwekundu, mkufu umekaa upande, sketi anaiweka sawa. Akaniuliza mimi ni nani hata nimfuate mtu chooni, mtu hana hata faragha ya kujisaidia?

"Mimi ni mhudumu wa choo cha Barabara ya Nne," nikamwambia. "Sheria ya kugonga uliipigia kura wewe. Sisi tunagongewa kila siku, Mheshimiwa, na tunasema asante."

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Kwa binadamu mchungu. Akaushika mkufu wake akaurudisha katikati. Nadhani kwa nukta moja alielewa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu baada ya hiyo nukta alimwita askari.

Nilitolewa kwa kushikwa mikono miwili. Niliwaacha wanivute mpaka chini kwenye ukumbi wa kuingilia, pale wanapoweka spika ili watu wa foleni wasikie kikao. Nikasimama chini ya ile spika saa nzima na zaidi. Saa kumi na moja na nusu nikasikia wakiita thelathini na nane, Verlene Oakes, hayupo. Thelathini na tisa.

Nilisikia viatu vyake vikiburuta, kisha ile pumzi, pumzi, pumzi.

"Naitwa Orville Tackett. Paa la jengo hili niliezeka mimi. Mwaka tisini na tatu, mimi na wenzangu kumi na wanane." Akapumua. "Siku ya kwanza, kabla hata msumari haujafika, waliletwa vyoo viwili vya plastiki, wakaviweka pale mlangoni. Sheria. Kazi haianzi bila choo. Nilifurahi, nikajiona mtu." Akakohoa mpaka spika ikakwaruza. "Tulipomaliza paa, wakaviondoa siku hiyohiyo. Nilikuwa nadhani vile vyoo vilikuwa vyetu. Kumbe vilikuwa vya paa."

Kengele ikalia. Mheshimiwa Lindquist akamshukuru kwa mchango wake, akaita arobaini.

Wakapiga kura watano kwa wawili kukiondoa choo. Mimi nilisikia nusunusu, kwa kuwa Orville alikuwa ameshuka ngazi hadi ya mwisho, akakaa, na hakuweza kuinuka tena. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Gari la wagonjwa lilimchukua pale kwenye ngazi za marumaru, chini ya paa lake.

Hospitali walimtoa maji kwa siku nne, lita baada ya lita. Muuguzi alikuwa anajaza fomu, akaniuliza mimi ni nani wake, nikasema jirani. Nikaona alichoandika: mgonjwa alikataa dawa. Nikamwambia afute. Hakukataa, alikosa mahali pa kukojoa. Yule dada alikuwa na macho ya mtu aliyekesha, akanigeuzia fomu niione. Kuna kisanduku cha aliyekataa, cha aliyesahau, na cha aliyeshindwa kununua. Cha choo hakikuwepo. Nikamwomba kalamu nikaandika mwenyewe pembeni, kwa herufi kubwa, naye hakunizuia.

Siku ya tano wakamtoa. Wakampa soksi mpya, wakamrudisha kwa teksi mpaka kwenye kibaraza cha lile duka, na karatasi ya daktari. Kwa vile moyo umezidi kudhoofika, kipimo kimeongezwa: vidonge viwili kila asubuhi badala ya kimoja. Nilisoma karatasi ile mara tatu. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Wiki ya mwisho ya mwezi wa kumi na moja Bwana Pellerin akanipigia. Tela linarudi palepale Barabara ya Nne. Nikashtuka kwa furaha, mjinga mimi. Akaendelea: ni kwa ajili ya soko la Krismasi, wageni watakuja kutazama mti ukiwashwa taa, umoja wa wafanyabiashara wenyewe wameomba. Litafunguliwa saa kumi jioni mpaka saa tatu usiku, wiki tatu tu, mlangoni kutawekwa shada la misonobari. Aliniambia nishukuru kwamba hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo, baada ya yale niliyoyafanya. Nikashukuru. Nikachukua ufunguo.

Kesho yake saa moja asubuhi nilifungua.

Nilifagia, nikajaza sabuni, nikalisogeza lile shada pembeni lisimchome mtu usoni. Orville alikuwa ameshafika na toroli lake. Akameza viwili, akanywa maji, akatoa ulimi. Nikautazama vizuri, nikautazama tena. Baada ya nusu saa akainuka kutoka kwenye benchi kwa kujishika, anatembea kama anakanyaga mayai. Nikamwambia, "Ingia, mzee. Leo sigongi."

Saa mbili kasoro robo Bwana Halloran akatokea na kahawa yake, anakagua vibanda vya soko. Akasimama. Akaniuliza kwa upole wake uleule ni nani aliyeruhusu kufungua asubuhi, akasema atampigia Pellerin, akanyoosha mkono nimpe ufunguo. Sikumpa. Basi akanipita, akakunja ngumi, akaiinua kwenye mlango.

Nikaweka mkono wangu kati ya ngumi yake na bati.

"Kuna mtu ndani," nikamwambia. "Kama umebanwa, benchi lile pale, ngoja zamu yako."

Alitoa simu akaanza kupiga, nami nikatazama saa. Zilikuwa zimepita dakika kumi na saba, na sikugonga.